Kwa Jirani Niliyemfungia Njia

Mpendwa jirani yangu Gakii,

Muga, nakusalimu. Usiikunje barua hii kwanza. Najua ukiona mwandiko wangu, mkono wako utataka kwenda moja kwa moja jikoni, na baridi ya Kiirua asubuhi haikatai karatasi ya kuwashia moto. Isome hadi mwisho, halafu uichome ukitaka. Nakala nyingine zipo. Moja nimeibandika kwenye mlango wa mashine ya kusaga unga, nyingine kwenye ubao wa matangazo kanisani, na ya tatu iko kwa Mwalimu Kirimi, yule aliyetufundisha hesabu, ambaye siku hizi amestaafu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa wetu hapa Nchiru. Nilisema uongo mbele ya watu. Siwezi sasa kuja kukunong'oneza ukweli pembeni, wewe peke yako, ili wengine wabaki wakiniita mama mwenye heshima zake. Wacha wasome.

Nimepewa hadi Ijumaa. Ya Ijumaa nitakueleza, lakini ukianza nayo utadhani nimekuandikia kwa sababu nina shida na wewe. Shida ninayo, sikatai. Ila wacha nianze na jiwe.

Unalikumbuka jiwe letu? Lile jeusi, bapa juu, lililokuwa nje ya ua wetu wa miiba ya kayaba pale njia inapoachana na lami. Wewe ulitoka mwisho wa njia, karibu na chuo, mimi nikatoka mwanzo, na tulikutana hapo kila asubuhi kwenda shule. Aliyefika kwanza akichoka kungoja aliacha jani chini ya kokoto kuonyesha kwamba ameshatangulia. Wewe ulikuwa ukiniwekea jani la kiwavi makusudi. Aki Gakii, vidole vyangu viliwashwa hadi somo la tatu, na wewe ukiniuliza kwa huruma kama nimelala na nyuki.

Trekta ilikuwa ikipita hapo na tela lake limejaa mahindi, nasi tumekaa juu ya jiwe, wala hatukukunja miguu. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa shule, na kati ya ukuta na jiwe trekta ilipita na nafasi ikabaki ya ng'ombe. Hiyo ndiyo njia niliyoikuta mimi. Nataka watu waisome hiyo sentensi vizuri, maana mbele ya wazee nilisema nyingine.

Baba yangu M'Ikiara alikuwa na mkono wa pole. Kila mwaka kabla ya mvua za masika alinoa panga, akapunguza kayaba upande wa ndani tu. Upande wa nje aliuacha unenepe. Baada ya misimu miwili mitatu alipanda mbegu mpya hatua moja nje ya kivuli cha ua, na miche ilipofika magotini aling'oa mstari wa zamani, mama akapata kuni. Mimi ndiye niliyemshikia kamba ya kunyoosha mstari. Hakuna aliyegombana naye kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo ungesema leo ua umesogea. Ulikuwa unatembea kama mtu mzee anayeenda kanisani, ukimtazama hatembei, ukigeuka unamkuta amefika.

Wewe uliona. Tulikuwa darasa la sita. Ulisimama njiani umeshika mkoba, ukachungulia kati ya miiba, ukaniuliza, "Kathure, mbona jiwe letu limeingia kwenu?" Nikakwambia mvua ilikuwa kubwa, imelisukuma. Ulicheka hadi ukakaa chini. Kesho yake tukaanza kukutana kwenye kona ya ukuta, na jiwe hatukulitaja tena. Mama yangu akaligeuza kuwa mahali pa kufulia.

Nakumbuka kibanda chetu kuliko vyote. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, matokeo yetu sisi wawili hata ukiyajumlisha hayampeleki mtu chuo, na chuo chenyewe kikaanza kukua hapo hapo mbele ya macho yetu. Wewe ukasema kama hatuingii kwa vitabu tutaingia kwa chapati. Mama yako akatupa nafasi mbele ya ploti yake, shangazi yako akaleta kile kikaango kikubwa kutoka Mikinduri, kizito hadi mtu alikibeba kwa mikono miwili. Mimi maharagwe, wewe unga. Nilikuwa na haraka, nageuza chapati kila ikitoa moshi. Ulikuwa ukinipiga mkono na mwiko. "Mara mbili tu, Kathure. Igeuze mara mbili, halafu uiamini."

Wanafunzi walikuwa wanatujua kwa majina na sisi tunawajua kwa mitihani yao. Kuna yule mrefu wa Embu aliyekuwa akija na daftari, anakula huku anakusomea mambo ya udongo, na wewe unamjibu kama profesa, unamwambia udongo wa kwenu Embu hauwezi kuotesha hata aibu. Siku ya mahafali yake alikuja kibandani na joho lake, akala akiwa amesimama asilikunje. Jioni hiyo njia ilijaa watu hadi ukuta wa shule, wazazi, maua ya karatasi, vijana wanapiga picha. Ulinishika bega ukasema mtaa wetu umekuwa mji. Nilikuamini.

Kisha mama yako akafariki, Mungu amrehemu, ukajenga hosteli ya vyumba kumi, ukabaki na choo kile kile alichokijenga yeye. Baba yangu naye akajenga. Vyumba saba vya mawe, na kwa kuwa ua ulikuwa umeshatembea hadi hapo, vitatu vya mbele vikasimama juu ya njia, na baraza, na ngazi zake zikishuka kama ulimi. Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa ndoa na mtoto mgongoni, unajua nilivyorudi, wewe ndiye uliyekuja kunipokea pale lami na hukuuliza swali hata moja. Baba alinipa chumba cha kwanza. Hicho cha mbele kabisa.

Choo cha hosteli yako kikajaa. Ukaita eksosta, lile lori la kunyonya vyoo. Likafika mwanzo wa njia, dereva akashuka, akanyoosha mikono yake kupima kati ya ngazi zetu na ukuta wa shule, akatikisa kichwa, akarudi kinyumenyume hadi lami. Uliita mara ya pili likaja dogo, nalo likashindwa. Mara ya tatu ulisimama mbele yake ukimwelekeza dereva kama askari, kushoto, kulia, kushoto, na baba yangu amekaa barazani anakunywa chai. Hakuinuka. Mimi nilikuwa dirishani na pazia nimelishika hivi, nusu.

Afisa wa afya akaja akafunga hosteli yako kwa rangi nyekundu mlangoni. Hakuwa na ubaya, choo kilikuwa kinafurika. Ndipo ukawaita wazee na naibu wa chifu.

Gakii, ile siku nimeirudia kichwani mara nyingi hadi nyasi za pale nazijua. Viti vya plastiki, baba na koti lake la kanisani, Biblia juu ya meza ndogo ya kwetu. Baba akaapa kwamba ua haujawahi kusogea. Ukasema yako, hukupiga kelele, ulieleza trekta na tela na ng'ombe. Mzee mmoja akasema, sasa huyu Kathure ni mtoto wa huyu na ni rafiki wa huyu, hana upande, tumsikie yeye. Nikaona uso wako ukifunguka. Ulidhani umeshinda. Baba hakuniangalia, alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu na kijiti. Naibu wa chifu akaniuliza kama ua umewahi kusogezwa.

Nikasema, "Mimi nimeukuta hapo ulipo."

Hukunitukana. Hicho ndicho sijakusamehe, kama naruhusiwa kusema hivyo. Ulinitazama kama mtu aliyeingia nyumba si yake kwa makosa, anayetaka tu kutoka bila kusumbua. Ukaenda kibandani ukabeba sufuria zako, vikombe, ubao wa kusukumia. Kikaango ukakiacha. Nilisema moyoni kimekushinda uzito. Baadaye nikakumbuka ulikuwa unakibeba peke yako kila siku ya Mungu.

Kwa nini nilisema uongo? Niliogopa, basi. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili ndani ya chumba ambacho, kama ningesema ukweli, kingebomolewa cha kwanza. Nilimwogopa baba. Na kidogo, wacha niseme na hili kwa kuwa nimeshaanza, kidogo nilikuwa na wivu na vyumba vyako kumi.

Ulihama mwezi huo huo kwenda Kiirua kwa ndugu zako. Unajua kilichofuata huku? Maneno yangu yakawa kipimo. Kila mwenye ploti kwenye mstari wetu alisema, kama kona ya M'Ikiara iko sawa, na mtoto wake ameshuhudia, basi na mimi najipanga na kona yake. Huyu akatoa ukuta nje, yule akatoa bafu, Baba Mwenda wa duka la misumari na saruji akatoa stoo nzima. Njia ikawa kichochoro. Hakuna eksosta iliyoingia tena kwa yeyote. Vyoo vikajaa kimoja baada ya kingine, maji ya kijani yakawa yanapita katikati na sisi tunaruka juu ya matofali na sketi tumeshika mkononi. Taa hakuna. Wasichana wakaanza kunyang'anywa simu saa moja jioni. Mwanafunzi mmoja wa vyumba vyetu alishikwa na tumbo, tukamtoa hadi lami kwa wilibaro kwa sababu gari halikuweza kumfikia, na mimi ndiye niliyeshika mpini mmoja. Alipona. Lakini njia nzima alikuwa anauliza kwa nini gari haliji, na nilijua jibu kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale.

Wanafunzi wakahamia zile ghorofa mpya za upande wa pili wa chuo. Hosteli zetu zikabaki na madirisha yamefunguka. Mtaa uliosema umekuwa mji sasa mbuzi wanalala kwenye vyumba.

Nilikuona mara moja, sokoni Kiirua. Nilikuwa nimefuata viazi. Ulikuwa na rundo la kabeji, umefunga leso kichwani kama mama yako, unabishana na mteja huku unacheka. Nikageuza uso nikapita nyuma ya lori la viazi kama mwizi. Sijui kama uliniona. Nadhani uliniona.

Baba alifariki mwaka juzi. Siku za mwisho alikuwa anasema vitu vichache. Siku moja nikimlisha uji akaniuliza, "Lile jiwe bado lipo?" Nikamwambia lipo, watu wanafulia juu yake. Akasema, "Msilitoe." Nimejiuliza sana alimaanisha nini. Alikuwa na nyundo, alikuwa na nguvu, miaka yote hiyo angeweza kulipasua na kulizika na hakuna ambaye angemuuliza. Hakulipasua. Simtetei. Ninakwambia tu kwamba alijua lilipo hadi mwisho.

Sasa ndio tufike kwa ya Ijumaa. Watu wa chuo walikuja kuongea na kamati. Wako tayari kufungua lango dogo upande wetu, pale mwisho wa njia, na kuweka taa. Kaunti itamwaga changarawe na kuchimba mtaro. Sharti ni moja: njia irudi upana wake, na kila mwenye ploti kwenye mstari atie sahihi kabla ya Ijumaa hii kuisha. Mmoja akikosekana, lango linapelekwa upande wa ghorofa mpya, na sisi tumekwisha. Hakuna atakayekuja kutuuliza mara ya pili.

Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Kila mtu anataka lango, hakuna anayetaka kubomoa. Baba Mwenda akasimama, mikono mfukoni, akasema hakuna kilichosogezwa hapa, jambo hili wazee walishalimaliza, na shahidi yuko hapa ndani, si yule pale Kathure. Watu wakanigeukia. Wengine walikuwa wananitazama kwa upendo kabisa, Gakii. Nilikuwa ngao yao.

Nilisimama. Nikasema, "Nilidanganya. Ua ulitembea, na kamba niliishika mimi. Twendeni niwaonyeshe jiwe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Shindwe!", sijui aliniambia mimi au shetani. Tukatoka wote hadi kwetu. Wapangaji wachache waliobaki wakaondoa beseni zao na nguo zilizolowekwa, Mwalimu Kirimi akapiga magoti na suti yake, akakwangua sabuni kwa kidole. Akacheka peke yake. Alisema alikuwa akitukuta tumelikalia akija kazini, na mara mbili alituchapa kwa kuchelewa hapo. Wakapima kutoka jiwe hadi ukuta wa shule, wakafungua ramani ya mpimaji. Ikawa sawa. Baba Mwenda akaondoka bila kuaga.

Mama yangu hakuwa mkutanoni. Aliyasikia yote akiwa mlangoni. Aliniambia neno moja tu jioni hiyo: "Baba yako umemzika mara mbili." Halafu akanyamaza wiki nzima. Alipika githeri yake, akala yake, akaosha sahani yake. Ukimya wa mama yangu unaujua, hata paka alihama. Siku ya nane niliamka nikasikia panga. Nikatoka nje, nikamkuta amevaa gumbuti za baba, amesimama njiani, anakata kayaba upande wa nje. Ule upande ambao haujawahi kukatwa tangu nizaliwe. Mikono ilikuwa inatoka damu kwa miiba. Nilichukua nyundo nikaanza na ngazi za chumba changu, tukapiga kazi hadi saa sita.

Vyumba vitatu vimelala. Mimi na mwanangu tunalala kwa mama. Wengine walipoona mawe ya M'Ikiara yameanguka hawakuwa na pa kujificha. Hata Baba Mwenda ametoa stoo yake, akitulaani kwa kila tofali.

Tulivuta kamba kutoka kwenye jiwe kwenda chuo, ploti moja baada ya nyingine. Jumamosi ikafika kwako. Na hapa ndipo kalamu inanishinda. Kamba imepita katikati ya choo chako.

Nilikumbuka mara moja. Mama yako alipokijenga alinituma nimshikie mwisho wa kamba, akaivuta kutoka kona ya ua wetu, kwa sababu alidhani kona yetu ni ya kweli. Alitutegemea. Kwa hiyo wewe tuliyekufungia njia, tukakufungia hosteli, ndiwe wa mwisho kwenye karatasi, na bila sahihi yako na bila kubomoa choo kile hakuna lango. Ningekuwa wewe ningecheka hadi nikae chini.

Vijana walikuwa na nyundo tayari. Baba Mwenda akasema mwenyewe ameshahama, kufuli limeoza, vunjeni tumalize. Nikaenda nikasimama mbele ya lango lako. Nikawaambia atakayegusa hilo kufuli aanze na mimi, maana njia ya ploti hii imeshachukuliwa mara moja bila mwenyewe kukubali, na mwizi wa kwanza ni mimi. Walicheka. Halafu wakaacha kucheka. Mwalimu Kirimi akawarudisha nyuma, akaniambia, "Mtafute. Lakini Ijumaa ni Ijumaa." Tangu siku hiyo nikienda kuchota maji watu hawanisalimii. Wanasema nimebomoa nyumba zao kwa mdomo, na sasa nimewanyima lango kwa mdomo huo huo. Labda ni kweli.

Simu yako haishiki. Ndiyo maana barua hii inakuja kwa mkono wa mama anayetuletea kabeji kutoka kwenu, na ameapa atakupa mkononi.

Sikuombi msamaha humu. Kwetu mtu haombi msamaha kwa karatasi, huenda. Alhamisi nitakuja sokoni Kiirua. Nakuja na mama, amesema mwenyewe anakuja, na mzee mmoja wa waliokuwa pale siku ile, na asali kama inavyotakiwa mtu akienda kuomba msamaha. Nitakuja pia na kikaango, nimekisugua na majivu, na nitakibeba mimi. Ukituona ukageuza uso kama nilivyogeuza wangu, tutaacha asali hapo tulipofika na tutarudi. Sahihi ni yako. Ukikataa, nitasimama mbele ya ukumbi niseme umekataa kwa haki, na atakayekusema vibaya atanikuta. Ninaogopa sana ukikataa. Lakini ninaogopa zaidi wakivunje choo chako bila wewe.

Jambo moja la mwisho. Leo asubuhi eksosta imeingia. Dereva ni yule yule, amepata mvi. Alifika mwanzo wa njia, akapunguza mwendo pale zilipokuwa ngazi zetu, akatoa kichwa nje, halafu akaendelea. Hakushuka kupima. Harufu ilikuwa mbaya kupita kiasi na watu walitoka nje kuitazama eksosta kama arusi, mama yangu amesimama na kitambaa puani na machozi yanamtoka. Akanyonya kwa huyu, akanyonya kwa yule. Alipofika langoni kwako akaona kufuli, akaniuliza hapa ni kwa nani.

Nikamwambia hapa pana mwenyewe. Akangoja kidogo na injini inanguruma, akauliza kama mwenyewe anakuja. Nilimwambia apite tena Ijumaa.

Ninamalizia hapa, mwanzo wa njia. Jiwe liko nje ya ua tena, na nimelikalia upande mmoja.

Mimi jirani yako,
Kathure